Mjukuu wa Kilo Mbili

Mtungi wetu wa gesi, ule mdogo wa kilo 6, ulikata roho tarehe 19, na mshahara wa mume wangu huwa unakuja kwa miguu. Nikachukua karatasi nikapanga chakula cha wiki kwa penseli, maana ratiba ya mtu asiye na hela lazima ifutike: Jumatatu ugali maharage, Jumanne wali maharage, Jumatano chapati maharage, Alhamisi tutajua huko huko. Mume wangu akaisoma, akauliza kama Ijumaa maharage yatapewa likizo. Sikumjibu.

Ila kuchemsha kilo mbili za maharage kwa mkaa mpaka ziive ni kuchoma hela. Dawa yake naijua. Unayaloweka usiku kucha, asubuhi unayachemsha kwa moto mkali kama robo saa (hapo usilete ubahili, maharage mabichi yatakukeshesha chooni), halafu unaipua sufuria na mfuniko wake unaivika nguo. Joto linabaki ndani, yanajiivia yenyewe. Sufuria iwe imejaa, kwa sababu nusu sufuria inapoa upesi. Ndiyo maana watu wawili tukapika kilo mbili.

Kapu la kuitunzia joto sina. Nikaifunga kanga mbili, nikaiweka katikati ya kitanda, mto huku, mto kule, blanketi juu. Nikashusha na chandarua, inzi wasisogee. Kisha nikaenda gengeni kutafuta nazi.

Sasa mama mkwe wangu akitoka Tanga hapigi simu. Na tuna miaka mitatu ya ndoa, kila akituulizia hali lazima amalizie, "Na yule mgeni wetu mdogo?"

Nikiwa narudi, nikasikia kigelegele. Nikajiuliza nani kaolewa. Kumbe ni kwangu. Nakuta jirani wa chumba cha pili kasimama mlangoni na mwiko mkononi, mama mkwe kapiga magoti kando ya kitanda, mkono kauingiza chini ya blanketi, machozi yanamtiririka.

"Mmenificha mjukuu!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto anaungua homa huyu, wewe uko gengeni!"

"Mama, hiyo ni..."

"Hiyo? Mtoto unamwita *hiyo*?"

Jirani akaniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau. Mama akamkusanya mgonjwa na blanketi lake, akamnyanyua. Hapo ndipo nilipouona uso wake ukibadilika. Mtoto mchanga hawi mzito vile, wala hana kichwa bapa. Akashtuka, akamwachia. Sufuria ikarudi kitandani kwa ubavu, mfuniko ukaanguka sakafuni kwaa, na karibu robo ya chakula cha wiki ikaingia godoroni.

Yalikuwa yameiva, lakini. Laini kabisa. Nililijua hilo nilipokuwa nayakwangua kwenye shuka.

Tukalitoa godoro, tukaliegemeza ukutani juani, na kila aliyepita akasimama kusoma ramani. Yaliyosalia sufuriani nikayaunga nazi, nikapika na wali. Ratiba ilisema ugali. Nikaifuta.

Jioni mume wangu akaingia, akaangalia godoro, akamwangalia mama yake aliyekuwa kwenye sahani ya pili.

"Shikamoo mama. Kuna nini hapa?"

Mama hakuinua kichwa.

"Marahaba. Niache kwanza nimmalize mjukuu wangu."