Albrecht, mtawa aliyejimilikisha Prussia

Albrecht wa Brandenburg-Ansbach husifiwa kama mtawala wa kwanza kuifanya nchi yake ya Kilutheri. Sifa hiyo ni ya kweli, ila mimi nikimtazama namwona kwanza msimamizi wa wakfu aliyeugeuza kuwa urithi wa wanawe.

Shirika la Kiteutoni lilikuwa la watawa wapiganaji wa Kijerumani, wenye nadhiri za useja, ufukara na utii. Prussia, nchi ya pwani ya Bahari ya Baltiki, ilikuwa mali ya shirika, si ya mtu. Albrecht alichaguliwa kuwa Mkuu akiwa na miaka 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa mama yake: alikuwa dada wa Sigismund, mfalme wa Poland, aliyekuwa akilidai shirika kiapo cha utii. Ilitumainiwa mjomba angemwonea haya mpwa wake.

Hakumwonea. Albrecht akagoma kuapa, na mwaka 1519 vita vikazuka. Askari wa kukodi walitaka mishahara, hazina ikakauka, na mwaka 1521 yakapatikana makubaliano ya kusitisha vita kwa miaka minne. Akaenda Ujerumani kuomba msaada, akarudi na mahubiri ya Osiander, mhubiri wa Kilutheri wa Nuremberg, na ushauri wa Luther mwenyewe: vua joho, oa, uifanye Prussia nchi yako.

Sidai kwamba imani yake ilikuwa ya uongo. Nasema tu kwamba iliiva kwa wakati mwafaka mno! Muda wa makubaliano ulipokuwa ukiisha, tarehe 10 Aprili 1525, alipiga magoti na kuapa utii mbele ya mjomba wake katika uwanja wa soko wa Kraków, akainuka akiwa mtemi wa Prussia, yeye na uzao wake. Mwaka uliofuata akamwoa Dorothea, binti wa mfalme wa Denmark.

Wakulima nao walidhani Injili mpya ingewapunguzia mzigo. Walipoinuka Septemba 1525, Albrecht aliwazima.

Lakini kwa upande wa vitabu simnyimi haki yake. Alianzisha chuo kikuu Königsberg, mji wake mkuu, mwaka 1544, na mwaka 1547 kitabu cha kwanza cha Kilithuania, katekisimu ya Martynas Mažvydas, kikachapwa mjini humo. Aliamuru pia katekisimu kwa lugha ya Waprussia wenyewe, waliotekwa na shirika lake karne ya 13. Lugha hiyo imekufa, na sehemu kubwa ya tunachokijua juu yake inatoka kwenye katekisimu hizo.