Maigizo Yaanzie Chini ya Mwembe

Wanafunzi wanaoanza maigizo hapa Tabora wanafundishwa jukwaa ambalo hawana. Daftari zimejaa pazia, taa za juu na chumba cha kubadilishia maleba, yaani mavazi ya kuigizia. Kengele ikilia, wanatoka kufanya mazoezi uwanjani, kwenye vumbi, chini ya mwembe. Mimi naona somo lianzie hapo hapo mwembeni. Pazia litakuja baadaye, likija.

Lile jukwaa la fremu, ambapo hadhira yote hukaa upande mmoja kama inachungulia dirishani, hata Ulaya halikuwepo tangu zamani. Lilishika mizizi Italia. Ukumbi wa Farnese mjini Parma, mmojawapo wa mifano yake ya mwanzo, ulijengwa 1618. Ukumbi wa Globe wa London, wa 1599, ulikuwa wazi juu, watazamaji wamelizunguka jukwaa pande tatu, na michezo ilichezwa alasiri kwa mwanga wa jua. Wayunani wa kale nao walikaa mteremkoni, kwaya ikiimba na kucheza chini yao. Waigizaji hawakuzidi watatu kwa kawaida, na kwa kubadili vinyago walimaliza wahusika wote. Darasa lenye kanga mbili na kofia moja lisijione maskini.

Huku Unyamwezini, wacheza nyoka wa Buyeye, chama cha jadi cha mafundi wa nyoka, wakianza tu ngoma, watu wanajipanga duara bila kuambiwa na mtu.

Kinachotuharibia, kwa maoni yangu, ni mgeni rasmi. Mtoto tangu darasa la kwanza anaimba ngonjera kwenye mahafali akiwa amepangwa mstari, uso kwenye turubai alipoketi mkubwa. Akifika kwenye maigizo, ugomvi wa mume na mke anauchezea huko huko: wanatukanana bila kutazamana, wote wawili wameelekea meza yenye kitambaa na maua ya plastiki. Unaweza kumweleza maana ya mwongozaji na mandhari hadi jioni, hilo halitamtoka.

Linatoka kwa duara. Kalisha nusu ya darasa chini kwa kuzunguka, wawili waingie katikati: muuza asali na mteja anayedai asali imetiwa maji. Walio mgongoni mwa muuzaji waruhusiwe kupaza sauti, "Hatuoni!" Mwanzoni atageuka ovyo, kila akiitwa. Mwambie hapana, tafuta sababu ya kugeuka. Basi atainama kuchukua kidumu kingine, atamzunguka mteja amwonyeshe rangi ya asali juani, atawageukia watu wa nyuma kuwaomba ushahidi. Mteja naye hawezi kubaki amesimama kama nguzo, lazima amfuate. Hapo umeshafundisha mwendo wa jukwaani, matumizi ya vifaa, na kwamba hadhira ina uzito, na ubaoni hujaandika kitu.

Istilahi zifuate, maana mtihani utaziuliza. Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa mwigizaji aliyeielekea hadhira, si kwa anayemtazama. Kwenye duara hesabu hiyo haifai, kwa hiyo sisi tunasema "sogea upande wa bomba" au "upande wa ofisi", na hakuna anayepotea. Mkitaka nusu duara saa kumi jioni, hadhira ilipe jua mgongo na mwembe uwe nyuma yao: kivuli kinawaangukia wao, mwanga unapiga nyuso za waigizaji. Sauti ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu uwanjani hakuna ukuta wa kuirudisha na upepo wa Juni hauna huruma. Wanafunzi wafundishwe kunyamaza kidogo pikipiki ikipita badala ya kushindana nayo.

Walimu wenzangu wananiuliza, mgeni rasmi atakaa wapi sasa? Apewe kiti kwenye duara pamoja na wazazi. Akionyeshwa mgongo kidogo, atavumilia.