Kopo Mkononi, Gari Mteremkoni

Mwelekezaji alisimama chini ya mteremko, macho kwa dereva wa gari la tatu. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akimwita taratibu: njoo, njoo, vuta kulia kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa na kopo la bia. Jasho likamwingia jichoni, akainua mkono ule wa kulia ajipanguse kwa mkono wa shati. Dereva, ambaye boneti ilikuwa imemziba asione njia wala mawe, alichoona ni ngumi iliyofumbwa imepanda juu. Kwa ishara tulizokubaliana asubuhi ile, ngumi iliyofumbwa maana yake ni "simama hapohapo". Akakanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu yakagoma kuzunguka juu ya kokoto, nyuma ya gari ikaanza kuteleza kwenda pembeni, na gari likaja kuegemea jiwe kubwa, mlango umebonyea, gurudumu moja la nyuma linaning'inia hewani.

Hakuna aliyeumia. Na mwelekezaji hakuwa amelewa. Lile lilikuwa kopo lake la kwanza na halijafika nusu. Lakini tangu siku ile, kila nikisikia wapenzi wa safari za porini wanabishana kama pombe ikubalike au isikubalike kwenye msafara, naona mjadala wenyewe unaanzia mahali pasipo pake. Watu humuuliza dereva: umekunywa ngapi, una uzito gani, unajisikiaje? Wengine wote kumi waliosimama kando ya njia hakuna anayewauliza kitu.

Wanaoitetea pombe wana hoja, na si za kubeza. Wanasema hawa ni watu wazima, wametoka kwenye kazi za wiki nzima, wamejilipia safari yao, na hawajaja kulindwa kama watoto wa bweni. Wanasema pia, na hapa ndipo wanapojisikia na nguvu zaidi, kwamba porini gari linatambaa. Kilomita 5 kwa saa ni mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna gari linalokuja mbele yako, hakuna mtoto anayevuka barabara. Hesabu iko upande wao: nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 100 kwa saa limebeba nguvu mara 400 ya lile lile likiwa kwenye kilomita 5. Kulinganisha kopo moja porini na kopo moja kwenye barabara kuu, wanasema, ni kutowatendea watu haki.

Ningekubali kama mwendo ndio unaoumiza watu porini. Lakini gari la tani 2 na nusu halihitaji mwendo ili libiringike. Linahitaji gurudumu moja tu lipande mahali pasipofaa wakati gari limekaa upande kwenye mteremko. Dereva aliyeshindwa kupanda kilima anatakiwa arudi kinyumenyume, moja kwa moja, kwa gia ya kurudia, mikono imetulia kwenye usukani. Akishtuka akajaribu kugeuza katikati ya mteremko, gari linalala ubavu. Kati ya kurudi na kugeuza kuna sekunde mbili za uamuzi, na pombe huanza kula kwenye uamuzi kabla haijafika kwenye miguu wala ulimi. Ndiyo maana aliyechangamka hukwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba yuko sawa. Hakudanganyi. Kile ambacho kingemwambia hayuko sawa ndicho kilichotangulia kuguswa.

Halafu kuna kamba. Gari likizama kwenye tope au mchanga, kazi ya kulinasua ndiyo saa ya hatari kuliko zote katika safari, na karibu kila anayeifanya yuko nje ya gari. Kamba ya kuvutia inayonyumbulika hurefuka kama mpira kisha hurudi kwa nguvu zote ilizozikusanya. Ikiwa imefungwa mahali dhaifu, kipande cha chuma kitang'oka na kuruka kama risasi. Watu wamekufa hivyo, baadhi yao wakiwa wamekaa ndani ya gari, kioo kimepasuliwa na chuma kilichotoka kwenye gari la mwenzao. Waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia inayofungwa kwenye gari, nao ukikatika una mambo yake. Kanuni inajulikana: wasiohusika wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na asiwepo mtu anayeivuka kamba ikiwa imekaza. Sasa waangalie waliokunywa wakati gari limekwama. Wanasogea. Wanataka kuona, kupiga picha, kutoa ushauri. Mmoja ataikanyaga kamba kwa utani. Abiria asiye na leseni, ambaye hoja zote za "mradi haendeshi" zilimruhusu anywe tangu asubuhi, yuko katikati ya eneo ambalo hatakiwi kuwa na hata mguu mmoja.

Hapa ndipo nilipofika mimi, na sijapata hoja ya kuniondoa: injini ikiwa inanguruma, msafara mzima ni wafanyakazi. Abiria wa gari la pili ndiye atakayekuwa mwelekezaji wa gari la tatu. Mke wa dereva wa kwanza ndiye atakayefunga kamba au kushika redio. Porini hakuna gari la kuvuta magari linalopigiwa simu likafika baada ya nusu saa. Kifaa cha uokoaji ni hao hao mliokuja nao. Kwa hiyo sheria ya "dereva tu asinywe", ambayo mjini inatosha, msituni haitoshi. Mchana hakuna anayekunywa, si dereva, si abiria, si yule anayesema yeye kazi yake ni kupiga picha tu.

Suala la sheria za nchi nalipita haraka kwa sababu sioni kama ndilo linaloamua. Wengi huamini ukishaacha lami umeiacha na sheria. Si hivyo kila mahali. Sheria ya usalama barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988, kwa mfano, inataja "barabara au mahali pengine pa umma", na njia ya msituni iliyo wazi kwa watu wote inaweza kuhesabiwa humo. Viwango navyo hutofautiana: England ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, Scotland wakashusha hadi 50 mwaka 2014, Sweden na Norway ni 20. Msafara unaovuka mpaka unaweza kulala halali ukaamka na kosa. Bima nayo, ni vyema kila mmoja akasoma karatasi yake mwenyewe kabla ya kuondoka.

Mwili unanihangaisha zaidi kuliko sheria. Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, kwa hiyo anayekunywa kwenye joto anakojoa maji anayoyahitaji. Kwenye baridi hufungua mishipa ya damu ya ngozi, mtu akajisikia ana joto huku joto lenyewe linamtoka. Haya yanasemwa mara nyingi. Lisilosemwa ni hili: mtu akigonga kichwa, dalili za kuangalia ni maneno kuvutika, kuyumba, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuuliza swali moja mara tatu. Sasa mwenzenu ameanguka kutoka juu ya keria ya gari baada ya makopo manne. Maneno yanavutika. Anayumba. Ametapika. Je, ni pombe au ubongo unavuja damu? Daktari mwenye mashine ya kupiga picha ubongo anaweza kujua. Ninyi mna tochi. Mkikosea upande mmoja, mtasafiri usiku kwenye njia mbovu bila sababu. Mkikosea upande wa pili, mtamfunika blanketi mtu anayekufa, mkiamini analala pombe.

Baada ya kusema hayo yote, mtu angetegemea niungane na wanaotaka pombe ipigwe marufuku safari nzima, tangu geti la nyumbani hadi geti la nyumbani. Siungani nao, ingawa nawaheshimu. Wana usafi wa hoja: sheria fupi, haina mlango wa nyuma, haina "moja tu". Kwa safari za mafunzo, au zenye watoto wengi, au zile za siku tatu mbali na kijiji chochote, ningeipigia kura sheria yao. Lakini nimeona marufuku ya jumla inavyofanya kazi kwa kundi lisiloiamini. Pombe haikosi kuja. Inakuja ndani ya chupa ya chai. Inanyweka ndani ya hema, peke yake, haraka, bila chakula, na kiongozi wa msafara analala akidhani ana madereva sita wazima kumbe ana wanne. Afadhali chupa iliyo mezani ambayo kila mtu anaiona inavyopungua.

Na jioni ni jioni. Magari yameegeshwa, funguo zimetoka, mawe ya mchana yanasimuliwa upya na kila anayesimulia anayaongeza ukubwa. Kwa wengi glasi moja au mbili pale kando ya moto ni sehemu ya walichokifuata, na sioni dhambi ya usalama ndani yake. Wasiokunywa, kwa dini, kwa afya, au kwa sababu wanapambana kuiacha, nao waachwe bila maswali. Kumlazimisha mtu "chukua moja tu usituharibie" ni ukatili hata kama unafanywa kwa kicheko.

Tatizo la jioni linaitwa asubuhi. Mwili huondoa pombe kwa kasi yake yenyewe, kwa wastani miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, na hauharakishwi. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho. Maji ya baridi humfanya awe mlevi aliyelowa. Chukua mtu aliyeacha kunywa saa 6 usiku akiwa na miligramu 150, kiasi ambacho usiku mrefu unakifikia bila shida. Saa 12 asubuhi, wakati mahema yanakunjwa, bado ana 60. Saa 2 asubuhi, magari yanapoingia kwenye mawe, ana 30. Sifuri anaifikia saa 4. Na usingizi wenyewe haukuwa usingizi, kwa sababu pombe huuvuruga hasa nusu ya pili ya usiku. Bado hatujamtaja yule anayezimua, anayeamka na kufungua kopo ili kichwa kitulie. Huyo ameianza safari ya leo kabla ya kumaliza ya jana.

Marubani wa Marekani wana kanuni yenye sehemu mbili: saa 8 zipite tangu tone la mwisho, na damu isiwe imefika miligramu 40. Sehemu zote mbili zinahitajika, kwa sababu aliyekunywa sana saa 8 hazimtoshi. Sisi si marubani, lakini ule mpangilio unafaa kuazimwa: anza na saa ya kuondoka, rudi nyuma, upate saa ya kufunga chupa. Mkiondoka saa 1 asubuhi na mnataka saa 10 za nafasi, chupa inafungwa saa 3 usiku. Kundi likitaka kukesha, haki yake, basi liondoke saa 5 asubuhi na lipunguze kilomita za siku ile.

Kuna jambo la mwisho ambalo makundi mengi hulisahau, nalo ni usiku wenyewe. Nyoka haulizi ratiba. Mtu akimwagikiwa maji ya moto saa 5 usiku, nani anaendesha? Gari moja halitakiwi kuondoka peke yake gizani, maana likikwama limemfungia mgonjwa ndani. Kwa hiyo ni magari mawili, na madereva wawili ambao hawajagusa kitu tangu asubuhi. Wapangwe kwa zamu, majina yasomwe kabla jua halijazama. Na zamu iwaguse wanywaji. Katika makundi mengi yule asiyekunywa hugeuzwa dereva wa dharura wa kila usiku, analala na funguo chini ya mto safari nzima kwa kosa la kutokunywa. Si haki, na humchosha mtu mmoja ambaye ndiye mnayemtegemea.

Kinabaki kibarua cha asubuhi, wakati mtu mmoja anakuja na macho mekundu anasema yuko tayari. Kiongozi asipomwambia, hakuna atakayemwambia. Nimewahi kuona ikifanywa vizuri: kiongozi alimwita kando, wakazungumza kwa sauti ya chini nyuma ya gari, akamwomba funguo kwa jina la undugu. Hakukuwa na dereva wa pili wa gari lile. Basi magari yote manane yalizimwa na watu wakarudi kukaa kivulini hadi saa 5. Hakuna aliyemsema. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuosha vyombo vya wote, na jioni ile, zamu ilipotajwa, akawa wa kwanza kuinua mkono.