Ushauri wa Malezi Usio na Breki

Mzazi Mkristo wa Kisumu au Bungoma hana uhaba wa ushauri. Mchungaji anampa Jumapili, redio inampa alfajiri, kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa linampa mchana kutwa, na usiku kuna video za wahubiri wa Marekani. Karibu wote huja na mistari ya Biblia, kwa hiyo kuhesabu mistari hakusaidii kuchuja. Ushauri mbovu nao hunukuu Mithali. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: je, huyu mshauri amesema niache lini? Anayekwambia tu kwamba njia yake isipofaulu uongeze nguvu amekupandisha matatu isiyo na breki kwenye mteremko wa kutoka Kiboswa kushuka Kisumu.

Tuanze na fimbo, kwa sababu mjadala haukosi kufika hapo. “Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe,” Mithali 13:24, kila mtu anaujua. Sasa sikiliza semina nzima uone kama msemaji atataja umri wa mtoto, aina ya kosa, au hatua ya kuchukua mtoto asipobadilika. Mara nyingi hataji. Wapo hata wanaofundisha kwamba achapwe mpaka asalimu amri, kana kwamba mtoto wa miaka miwili anaweza kutofautisha ukaidi na usingizi. Paulo aliweka mpaka ambao wahubiri hao huuruka: “Ninyi akina baba, msiwachukize watoto wenu, wasije wakakata tamaa” (Wakolosai 3:21). Hapo anayechunguzwa ni mzazi, na dalili ya kuangalia iko usoni pa mtoto. Na wale wanaodai kwamba haki za watoto ni mambo ya wazungu wakumbushwe kwamba Kifungu cha 53 cha Katiba, kinachomkinga mtoto dhidi ya aina zote za ukatili, kilipitishwa na Wakenya wenyewe kwa kura ya maoni Agosti 2010.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni kukojoa kitandani, maana hapo ushauri wa kanisani na wa mtaani huungana kumwumiza mtoto asiye na kosa. Kabla ya miaka 5 ni jambo la kawaida kabisa, na wengine huendelea baada ya hapo bila ugonjwa wowote. Lakini huku magharibi mwa Kenya selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) ni nyingi, na ugonjwa huo huharibu uwezo wa figo kubana maji. Mtoto hunywa sana, hukojoa sana, na kitanda hulowa hata akiwa mkubwa. Akichapwa, figo hazisikii. Akinyimwa maji kutwa nzima, kama wengi wanavyoshauriwa, damu yake hukosa maji na maumivu makali ya mifupa yanaweza kumwamkia usiku huohuo. Kwa hiyo mtoto anayelowesha kitanda na pia huwa na macho ya njano, huumwa mifupa mara kwa mara, au alivimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga, apimwe damu kabla mtu hajataja nidhamu wala pepo. Naye aliyekuwa amekauka kwa miezi 6 kisha akaanza tena ana jambo: huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, hofu, au mtu anamdhuru. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu.

Kifafa ni hivyohivyo. Mwombee mtoto, mpakeni mafuta mkitaka, ila dawa asiachishwe. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Baada ya Shakahola, kule Kilifi, mwaka 2023, ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula hadi kufa na watoto nao walifukuliwa makaburini, sioni kwa nini Mkristo yeyote amvumilie mhubiri anayemzuia mzazi kwenda hospitali.

Kuna ushauri mwingine ambao haukutungwa kwa ubaya, ila umesafiri mno. Mtoto akikosa, apelekwe chumbani kwake akatafakari: kwa familia ya watu sita katika mtaa wa mabanda wa Nyalenda, Kisumu, chumba chake ni kipi? Huo unachekesha tu. Ule wa kumnyonyesha mtoto mchanga kwa ratiba, kila baada ya saa 4, ati ajifunze utaratibu wa Mungu mapema, hauchekeshi. Mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na maziwa ya mama hupungua yasiponyonywa. Angalia nepi: kuanzia kama siku ya 5, zilizolowa zisipungue 6 kwa siku. Angalia na mchoro wa uzito kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Asipokuwa amerudia uzito wake wa kuzaliwa baada ya wiki 2, ratiba itupwe na kliniki iendewe.

Halafu kuna Mithali 22:6, “Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha hata atakapokuwa mzee,” inayogeuzwa mkataba, na binti akipotea njia mama yake anaangaliwa vibaya kanisani. Sisi wenye methali zetu tungepaswa kujua kuliko wengine kwamba methali si mkataba. Tunasema haraka haraka haina baraka, tena tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna anayeshtaki mtu kwa hilo. Hata Mithali 26 hukataza kumjibu mpumbavu katika mstari wa 4 na kuamuru ajibiwe katika wa 5. Hekima ni kujua ni lini.

Ukipokea ushauri mpya, basi, soma sura yote uliponukuliwa mstari. Uliza ni wa umri gani, na kama anayeutoa anauza kitu. Ada ya semina si dhambi, lakini ukiambiwa siri imo kwenye kitabu cha mwisho cha shilingi elfu mbili, rudi nyumbani. Badilisha jambo moja tu. Ukianza ibada ya jioni, dakika 10 zinatosha kwa watoto wa chini ya miaka 6: wimbo, kisa kimoja, sala fupi. Ipe wiki 2, na andika tarehe pamoja na ulichokiona, kwa kuwa kumbukumbu hupendelea tunachokiamini. Mtoto akianza kukuficha mambo, kushtuka ukiinua mkono, kukataa chakula au kukosa usingizi, simamisha siku hiyohiyo. Kwa la mwili, kliniki. Kwa mtoto anayeumizwa, iwe nyumbani, shuleni au kanisani, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au piga 116, Childline Kenya, bila malipo.