Kabla ya kuanzisha mchango, omba fomu

Februari mwaka huu kijana mmoja wa kwetu, mtu wa Korogwe anayefanya kazi ya ghala hapa Columbus, Ohio, aliniomba niwe mtunza hazina wa mchango wake. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amepasuliwa kidole tumbo. Kundi la WhatsApp lilikwishafunguliwa na ahadi zilikuwa zimefika dola 1,900. Nikamuuliza anadaiwa kiasi gani hasa. Akatoa bahasha tatu, moja ndiyo ameifungua.

Tukakaa mezani kwake tukazisoma zote. Ile aliyoifungua ilitoka kampuni ya bima na ilikuwa na jumla iliyomkosesha usingizi, zaidi ya dola 31,000. Juu kabisa imeandikwa kwamba karatasi hii si bili. Ni maelezo: hospitali imetaja bei gani, bima imekubali bei gani, imelipa nini, na mgonjwa amebakiziwa nini. Yeye aliona tarakimu, maneno hakuyasoma. Ya pili ndiyo bili yenyewe ya hospitali, dola 4,600. Ya tatu ilitoka kwa daktari wa usingizi, ambaye huku mara nyingi hutoza kivyake: dola 740.

"Lakini kaka, mimi si nina bima? Kila wiki mbili wananikata."

Ndiyo, anayo. Ila neno bima tumekuja nalo kutoka nyumbani pamoja na maana yake ya nyumbani. Dada yangu ni mwalimu Tanga. Anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, mwajiri anaweka 3 nyingine, na uanachama wake unambeba yeye, mumewe na wategemezi hadi wanne. Mama yetu yumo humo. Akifika hospitali anatoa kadi, anahakikiwa, anasaini fomu, anakwenda kwa daktari. Dawa isipokuwepo anaambiwa akanunue duka la nje, na hilo limetuudhi mara nyingi. Lakini hakuna bahasha inayomfuata nyumbani miezi miwili baadaye.

Ya huku ina kitu kinaitwa didaktibo. Ya kijana huyu ni dola 3,500. Maana yake, ukiacha huduma chache za kinga kama chanjo, gharama za mwaka hadi zifike kiasi hicho zinatoka mfukoni mwake. Zikishavuka hapo bima inaanza kulipa, naye anaendelea kuchangia asilimia fulani mpaka agote kikomo cha mwaka. Aliugua Januari, mwaka ndiyo kwanza unaanza, hakuwa amefikisha hata dola moja. Na mama yake aliyeko Korogwe, hata angekuwa anaishi naye hapa hapa, asingeweza kumwingiza kwenye bima ile. Bima ya kazini inampokea mwenzi, inawapokea watoto hadi miaka 26, lakini mzazi kwa kawaida hana nafasi. Katika yote ninayoyalinganisha, hilo linaniuma kuliko bei.

Nyumbani nako sikupambi. Baba alipolazwa mwaka 2014 hakuwa na kadi ya bima yoyote. Kila hatua ilikuwa lipa kwanza: kufungua faili, vipimo, dawa, mpaka glovu. Dada alishinda kati ya wodi na dirisha la malipo, risiti mkononi. Nilituma nilichokuwa nacho, ukoo ukachanga, kiwanja cha Pongwe kikauzwa. Kitanda cha pili yake alilala mzee ambaye mwanawe alikuwa anahangaika na barua ya mtendaji wa mtaa kuipeleka ofisi ya ustawi wa jamii, apate msamaha wa gharama za matibabu. Tulimwonea huruma. Tuliona yale ni mambo ya watu wasio na ndugu. Baba alikuwa na miaka 67, mkulima asiye na pensheni, na sera ya afya ya nchi inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Hatukugonga mlango ule hata mara moja. Shangazi, ambaye alikuwa muuguzi, alikuja kutuambia baadaye: mficha uchi hazai. Kiwanja kilikuwa kimeshakwenda.

Aibu hiyo hiyo tumeipakia kwenye begi tukavuka nayo bahari, na ndiyo nataka kusema nayo leo.

Nilipoigeuza bili ya kijana, nyuma kulikuwa na aya ya maandishi madogo: ukishindwa kulipa, piga namba hii uombe msaada wa kifedha. Haikuwekwa pale kwa hisani. Sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka hospitali zisizo za faida ziwe na sera ya msaada iliyoandikwa, ziitangaze, na ziitaje kwenye bili. Tangu siku ya bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali unazo siku 240 za kupeleka maombi, na ndani ya siku 120 za mwanzo hairuhusiwi kukushtaki mahakamani wala kuripoti deni lako kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Kila hospitali ina kipimo chake cha kipato, na nyingi zinapokea hata mwenye bima aliyelemewa na didaktibo.

Vijana huniambia, kaka, kuomba ni kujidhalilisha. Hapana. Hospitali hizi zimesamehewa kodi. Zimesamehewa kwa makubaliano kwamba zitawahudumia wasio na uwezo. Anayejaza ile fomu anadai upande wa pili wa makubaliano hayo. Nyumbani hali ni nyingine kidogo. Msamaha wa ustawi wa jamii mara nyingi unabebwa na hospitali yenyewe kutoka kwenye makusanyo yake madogo, kwa hiyo mwenye uwezo akiuchukua anamnyang'anya yule mzee wa kitanda cha pili. Kule ningesema, jipime kwanza kwa haki. Huku nasema, jaza.

Kiingereza kisikutishe pia. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupatia mkalimani bila malipo, na Kiswahili kipo. Sema tu lugha yako, usubiri kwenye simu.

Mchango siudharau. Nimeuchangia, umenizikia baba. Lakini tunaochanga ni wale wale, wafanyakazi wa maghala na wahudumu wa wazee, na mifuko yetu ina mwisho. Kodi ya nyumba ya mtu aliyelala wiki tatu bila mshahara haina fomu. Kusafirisha maiti hakuna fomu. Huko ndiko mchango ulipo na kazi.

Tulijaza pale pale mezani. Walitaka karatasi za mshahara za miezi mitatu, ritani ya kodi ya mapato ya mwaka uliopita, na idadi ya wanaomtegemea ndani ya nyumba. Aprili jibu likaja: bili ya hospitali imepunguzwa kwa robo tatu, ikabaki dola 1,150. Daktari wa usingizi ana ofisi yake na msamaha ule haukumhusu, lakini alipopigiwa simu walikubali dola 40 kwa mwezi bila riba. Katika zile 1,900 ukatoka mwezi mmoja wa kodi ya nyumba, na zilizobaki wachangiaji wamekubaliana zikae kwa mgonjwa atakayefuata.

Kama una bahasha kwenye droo, ifungue leo. Tafuta tarehe ya bili ya kwanza, hesabu siku 240. Ukiwa bado umo ndani yake, geuza karatasi, na kesho asubuhi piga ile namba.