Waambie waandike

Bibi jirani yetu amepita miaka 70, na bado hajaonja shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, kwa kuwa hana kitambulisho. Mwaka jana nilimsindikiza mara tatu kwenye ofisi ya vitambulisho. Mara ya kwanza aliambiwa alete kitambulisho cha marehemu babake. Ya pili, mtandao hakuna. Ya tatu, "njoo wiki ijayo." Hatukupewa hata kipande cha karatasi.

Hapo ndipo panaponichoma. Ukinyimwa kwa maandishi, una kitu cha kumwonyesha wakili. "Njoo wiki ijayo" utaishtaki wapi?

Kumbe sheria ya Kenya ililiona hilo. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema stakabadhi hizi ni haki ya kila raia, na cha 47 kinampa aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Halafu kuna sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika utendaji wa ofisi za umma, ambayo watu wachache wanaijua. Kwa sheria hiyo, hata kutotenda kunaweza kupingwa mahakamani. Na ofisi ikiombwa sababu ikanyamaza, mahakama huchukulia kwamba haikuwa na sababu ya maana, mpaka yenyewe ithibitishe vingine.

Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan inayoishi Kibra, Nairobi, wanaujua mlango huu. Vijana wao walipigwa msasa kuhusu uraia wao mbele ya kamati miaka na miaka kabla ya kupewa kitambulisho. Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa namba moja, ilipokuja 2019, shirika lao la kutetea haki, Nubian Rights Forum, likaenda Mahakama Kuu. Januari 2020 majaji watatu waliamua kwamba kuchukua DNA na alama za GPS za makazi ni kinyume cha Katiba, na mfumo usiendelee bila kanuni kamili. Wakakiri pia kuwa kuna watu wanaoweza kuachwa nje. Ulikuwa ushindi nusu, lakini nauthamini: hofu ya watu wale sasa imo ndani ya hukumu.

Bibi mwenyewe anasita. "Mwanangu, tusiwaudhi." Namwelewa; amezoea kuomba. Lakini hiki si cha kuomba.

Jumatatu tunarudi. Nimeandika barua ya kudai sababu, nakala mbili, na moja sitaondoka nayo bila muhuri wa kupokelewa.