Akiba ya Ebola iwekwe karibu au mbali?

Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan tarehe 20 Septemba 2022. Aina hiyo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Zilikuwepo chanjo za majaribio tu, nazo zilikuwa ng'ambo. Dozi za kwanza zilitua nchini tarehe 8 Desemba, siku 79 baadaye. Kufikia hapo watu 55 waliothibitishwa kuugua walikuwa wamekwishafariki, mgonjwa wa mwisho amekwisharuhusiwa kwenda nyumbani, na jaribio likakosa watu wa kuchanjwa. Virusi hivyo viliporudi, mlipuko ukatangazwa tarehe 30 Januari 2025, uchanjaji ulianza siku nne tu baadaye. Safari hii dozi zilikuwa tayari Kampala.

Wanaotaka akiba ya chanjo na vifaa iwekwe mapema katika nchi zenye hatari huzitaja tarehe hizi, na hapo sina la kuwapinga. Ningewaongezea ya Afrika Magharibi mwaka 2014. Guinea, Liberia na Sierra Leone zilihitaji glavu, klorini, dripu na mavazi ya kinga kwa shehena kubwa, maana muuguzi wa wodi ya Ebola hawezi kustahimili joto la mavazi yale kwa muda mrefu, na kila anapotoka, sehemu kubwa ya alichovaa huteketezwa. Wakati huohuo mashirika ya ndege, British Airways na Emirates yakiwemo, yakasitisha safari, na Senegal ikafunga mpaka wake na Guinea. Mlipuko ule uliua zaidi ya watu 11,000. Nchi inayotegemea bohari ya mbali hutegemea pia hiari ya shirika la ndege na ya jirani, na hofu ikishaingia, hiari hiyo hupotea upesi.

Wanaotetea akiba moja ya dunia nao wana sababu nzito. Chanjo ya Ervebo, inayokinga Ebola aina ya Zaire pekee, huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Ikishayeyushwa hukaa wiki mbili tu kwenye jokofu la kawaida, wala haigandishwi tena. Umeme ukikatika na jenereta isipowaka, akiba nzima imekwenda. Tena hakuna ajuaye mlipuko ujao utazuka wapi wala utakuwa wa aina gani: friza iliyojaa Ervebo isingeifaa Uganda mwaka 2022. Ndiyo maana mwaka 2021 iliundwa akiba ya pamoja, yenye lengo la dozi 500,000, ipelekwe popote inapohitajika. Ukiigawa kwa nchi kumi, nyingine zitaachiwa dozi zinazoisha muda huku jirani akiomba. Hilo la kuisha muda lina dawa, lakini. Desemba 2024 Sierra Leone ilianza kuwachanja wahudumu wa mstari wa mbele 20,000 bila kuwa na mlipuko wowote, na dozi zinazozeeka zinaweza kutumika hivyohivyo kwingineko.

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili hupima umbali kwa ramani. Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, tarehe 27 Septemba 2024. Chanjo ya majaribio ya taasisi ya Sabin ya Marekani ikaletwa kutoka nje, na uchanjaji ukaanza tarehe 6 Oktoba, siku ya tisa. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Septemba, Kongo ilitangaza Ebola huko Bulape, mkoa wa Kasai. Dozi 2,000 zilikuwa ndani ya nchi, Kinshasa. Uchanjaji ulianza siku kumi baadaye, kwa dozi 400. Kigali ina uwanja wa ndege na lami hadi mlangoni mwa hospitali. Bulape ni safari ya siku nzima au zaidi kwa gari kutoka Tshikapa, makao makuu ya mkoa. Na hata zile siku nne za Uganda hazikuletwa na friza peke yake: itifaki ya jaribio na vibali vilikuwa vimeandaliwa kabla.

Kwa maoni yangu, dozi chache zikae katika miji mikuu ya nchi zenye hatari na nyingi zibaki kwenye akiba ya dunia. Vifaa vya kawaida ndivyo vishushwe hadi wilayani, kwa kuwa glavu, dripu na klorini hutumika kila siku. Za zamani zitolewe, mpya ziingizwe, na hakuna kitakachoozea bohari. Mikataba ya helikopta, mafuta na pikipiki isainiwe kabla, pamoja na msamaha wa forodha. Ugumu ni kwamba zahanati nyingi hupungukiwa glavu za kuzalishia hata wakati hakuna mlipuko. Akiba itakayowekwa hapo itamalizwa na mahitaji ya kawaida, na haki ya mama anayejifungua haiwezi kukataliwa, kwa hiyo bajeti ya kila siku ya zahanati hizo ndiyo ya kuongezwa kwanza.